Nilipie Nipite Mbele au Nipange Foleni? Barua Zenu na Majibu ya Shangazi

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba kwenye zile paki kubwa za mabembea za huko nje kuna tiketi ya ziada ya kuruka foleni. Kumbe nimechokoza nyuki mzingani. Barua zimekuja za Tanga, za Bagamoyo, wengine wana safari kweli, wengine wamekasirika tu, na mmoja anataka kuileta biashara hiyo hukuhuku. Basi leo safu nzima nimewaachia nyie.

Shangazi shikamoo. Mie nauza nguo hapa Makorora, naendaga Dubai kufuata mzigo. Safari ya Desemba nataka niwachukue wanangu maana kila siku ni malalamiko, mama unaenda peke yako. Wa kwanza ana miaka 14, wa kati 9, wa mwisho 4. Shemeji yangu anayeishi kule kanambia kwenye mabembea niwalipie wote tiketi ya haraka la sivyo watashinda wamesimama kama abiria wa kivuko cha Pangani siku ya sikukuu. Nikiangalia ile bei juu ya kiingilio, hapo nimepoteza madera ya kutosha kabisa. Nilipe?
*Mama wa Watatu, Makorora, Tanga*

Marahaba mwanangu. Usiwalipie wote wanne, na usilipie ukiwa bado Tanga. Shemejio hajakudanganya ila kakwambia nusu.

Kwanza jua unachonunua, maana wengi wanadhani ukilipa unapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Sivyo. Bembea kubwa zina njia mbili, ya kawaida na ya waliolipia, na njia zote mbili zinakutana karibu kabisa na pale pa kupandia. Hapo anasimama kijana wa kazi na kamba yake. Mie nilikaa nikamwangalia mmoja huko Ghuba wakati wapwa zangu wako ndani, anawaruhusu waliolipia wapite, wapite, wapite tena, halafu anafungua kwa wa kawaida familia moja, anafunga. Kulikuwa na baba kambeba mwanae begani kishalala, kafika mpaka kwenye ile kamba akidhani ndo yeye sasa, kumbe bado, akabaki anahesabu vichwa vinavyompita. Yani hela yako inamlipa yule kijana na kamba yake. Viti haviongezeki hata kimoja, ila kamba inafunguliwa upande wako.

Sasa siku ambayo watu ni wachache pande zote mbili ni fupi, umelipia kupita mlango mwingine basi. Siku imejaa kwelikweli ndo hiyo tiketi inaleta maana. Kwahiyo kabla hujanunua tiketi ya haraka chagua siku, hiyo ni bure. Kule Falme za Kiarabu wikiendi walibadilisha tangu Januari 2022, sa hizi ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wanafanya kazi nusu siku. Nakwambia hili kwasababu wale waliokwenda zamani bado wanawaambia watu wakwepe Ijumaa na Jumamosi, halafu mtu anajipeleka Jumapili akidhani kajanja. Wewe nenda katikati ya wiki, mzigo wako kule Deira, Dubai, ufuate Jumamosi. Na Desemba angalia shule za kule zinafunga lini, wiki ambayo watoto wao wako shule na wanao wamefunga hiyo ndo yako.

Pili, watoto wako wenyewe. Kwenye kila bembea ya maana kuna kibao cha urefu mlangoni, mtoto anasimamishwa pale, kichwa kisipofika kwenye mstari hapandi, hata ulie. Tiketi ya haraka haimrefushi mtu! Chukua paki ya Ferrari World, ambayo kwanza haiko Dubai, iko Abu Dhabi kisiwa cha Yas, ukitokea Deira ni zaidi ya saa nzima kwa gari. Kuna rola kosta, yani bembea la mabehewa yanayokimbia relini, inaitwa Formula Rossa ipo tangu paki ilipofunguliwa 2010, inakimbia kilomita 240 kwa saa, wanakuvalisha miwani maana upepo na vumbi huwezi kufumbua macho. Huyo wa miaka 4 ataiona kwa mbali tu. Wa miaka 9 inategemea kimo chake. Sasa unamlipia mtoto aruke foleni ya kitu asichoruhusiwa kupanda? Vibembea vya watoto wadogo foleni zake mara nyingi hazitishi, na yeye mwenyewe akipenda gari moja atataka arudie hilohilo mpaka umchoke.

Kwahiyo mie ningefanya hivi. Mnafika kabla geti halijafunguliwa, na nikisema kabla nna maana watoto wameshakunywa chai, wameshakwenda chooni, mko pale mnasubiri kufunguliwa. Lile saa la kwanza ndo la dhahabu, watu wengi wanasimama mlangoni kupiga picha na kununua kofia, nyie mnakwenda moja kwa moja kwenye bembea kubwa kuliko zote ambayo mkubwa anaitaka. Ukimaliza hizo mbili tatu kubwa, zungukeni angalieni vibao vya muda wa kusubiri. Vikisomeka dakika kumi, kumi na tano, umeshinda, hela yako nunua madera. Vikisomeka saa na nusu kila mahali, hapo mlipie huyo wa miaka 14 peke yake, au yeye na mtu mzima mmoja. Tiketi hizi nyingi zinauzwa hata ukiwa ndani, ila siku imefurika zinaweza kuisha, huo ndo ubaya wa kusubiri. Mie bado ningesubiri.

Kabla hujatoa hela uliza maswali mawili. Bembea gani hazimo? Maana mara nyingine ile mpya inayogombaniwa wameitoa wanaiuza peke yake. Na je naingia mara moja kwa kila bembea au mara nyingi nitakavyo? Majina ya tiketi yanafanana, tofauti ya bei ni kubwa, na kijana wa dirishani hakuelezi mpaka umuulize.

Na foleni ya kawaida siyo kifungo. Yupo mtaalamu David Maister aliandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya kusubiri, akasema muda ambao mtu hana la kufanya anauona mrefu kuliko muda ambao ana shughuli. Ndo maana wenye paki wanakuwekea mapicha na vijisinema njiani ukiwa umesimama, wanakupoza. Wewe una vitendawili. Tega hapo kwenye foleni uone, wanao watabishana majibu na ghafla mshafika mbele, halafu ile simu iacheni na chaji kwa ajili ya tiketi.

Shangazi heshima yako. Mimi ni kijana wa Magomeni, Bagamoyo, natembeza wageni Mji Mkongwe na Kaole. Kaka yangu anakaa Florida kanikaribisha, viza nimepata alhamdulillahi. Anasema tutakwenda paki za Disney na Universal lakini hizo tiketi za haraka hata yeye hazielewi, mara Genie, mara Lightning, mara Express. Nifafanulie nisije nikapigwa. Sisi huku mgeni akija Kaole anakata tiketi moja anaingia!
*Mtembezaji, Bagamoyo*

Hongera kwa viza mwanangu, hiyo ndo foleni ngumu kuliko zote na umeimaliza.

Kakako ana haki ya kuchanganyikiwa kwasababu wamebadilisha majina kila baada ya muda. Disney walianza na FastPass mwaka 1999 na ilikuwa bure kabisa, unakwenda kwenye mashine unachukua kikaratasi kimeandikwa saa ya kurudi, unakwenda kula, unarudi unapita. Mwaka 2021 ya bure ikafa, ikaja Genie+ ya kulipia, kule Florida ilianza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku. Julai 2024 wakabadili tena, sa hizi inaitwa Lightning Lane Multi Pass na mwenzake Single Pass. Multi Pass ni fungu, unachagua bembea zako tatu mapema kwenye simu na saa zake, ukianza kuzitumia unaongeza nyingine. Single Pass ni ya bembea moja ile kubwa wanayoiuza pekeyake. Bei zote zinapanda na kushuka kwa siku, siku ya watu wengi ndo ghali, kwahiyo usishike bei uliyosikia kwa mtu.

Halafu kuna ya wakubwa, Premier Pass, ilianza Oktoba 2024. Hiyo huchagui saa, unakwenda kwenye kila Lightning Lane, yani ile njia ya waliolipia, ya paki hiyo ukijisikia, mara moja kila moja. Ilipoanza kule Florida ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja kwenye paki moja, kutegemea paki gani na siku gani. Tuchukulie dola kwa shilingi 2,500, hiyo ya juu inavuka milioni moja na laki moja. Kichwa kimoja. Na kiingilio bado hujalipa! Kama kakako ndo analipa mwache alipe, ila kama mnachangiana kimbia.

Usichokijua na ndo wengi wanaumia hapo, Multi Pass inafunguliwa kununuliwa siku 7 kabla kwa wanaolala hoteli za Disney, na siku 3 kabla kwa nyie mnaotoka nyumbani kwa kaka. Kwahiyo ukiamka asubuhi ya siku yenyewe ukaanza kutafuta, saa nzuri za bembea nzuri wenzio walishachukua, utapewa ya saa mbili usiku. Mie hapo nasema hivi, kama mnakwenda Magic Kingdom, moja ya paki za Disney pale Florida, siku moja tu katika maisha na ni msimu wa likizo, nunueni Multi Pass na muinunue ile siku ya tatu kabla, alfajiri. Kama mna siku mbili tatu za kuzunguka pole pole, hapana.

Universal ndo kuna ujanja ninaoupenda. Wao yao inaitwa Express, kuna ya mara moja kila bembea na kuna isiyo na kikomo. Sasa hoteli zao tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ukilala pale kila mtu wa chumba anapewa Express isiyo na kikomo bure, siku unayoingia na siku unayotoka zote zinahesabika. Yani usiku mmoja unakupa siku mbili. Chumba si rahisi, lakini mkiwa wanne chumbani kaeni na kalamu, linganisheni bei ya chumba kimoja na bei ya Express nne mara siku mbili, mara nyingi chumba kinashinda halafu na mmelala. Kiingilio cha paki kiko palepale, hicho mnalipa. Ila tahadhari, hiyo Express ya hoteli ni kwa paki mbili za zamani, Universal Studios na Islands of Adventure. Ile mpya Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025 haimo. Nakuandikia hili kwa herufi kubwa moyoni maana mtu atakwenda hoteli ghali kwa ajili ya Epic halafu apigwe na butwaa getini.

Na kama mko wawili tu, wewe na kaka, kuna kitu cha bure kabisa, foleni ya mtu mmoja mmoja. Bembea ya viti vinne ikipakia familia ya watatu kiti kimoja kinabaki, wanachukua mtu kwenye hiyo foleni wanaziba. Hamtakaa pamoja, mtakutana nje. Si mmeshakuwa watu wazima, mnashikana mikono ya nini? Siyo kila bembea inayo, lakini ikiwepo huwa inakwenda haraka sana, na hela mfukoni.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Dunda, Bagamoyo. Nimefundisha watoto miaka mingi kupanga mstari, mrefu nyuma mfupi mbele, mtoto wa mkubwa na wa mvuvi sawasawa. Nikasoma safu yako kwamba sasa mstari unauzwa. Binti yangu ananicheka anasema baba hiyo ni biashara. Hebu wewe sema, ni haki hiyo?
*Mwalimu, Dunda*

Waalaykum salaam mwalimu, shikamoo. Kwanza samahani nimeiweka barua yako katikati ya hesabu za watu, maana ndo barua iliyonikosesha usingizi.

Binti yako ana hoja. Ndege ina daraja la mbele, boti ya kwenda Unguja ina VIP, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hatuandamani. Lakini mie naona kuna tofauti moja. Wa VIP kwenye boti hakufanyi wewe wa kawaida uchelewe kufika, mnafika wote dakika ileile, yeye kakalia kiti laini tu. Kwenye bembea dakika zake anazipata kutoka kwako. Viti vya saa hiyo vina idadi, akikaa yeye wewe unasogea nyuma, na hujaulizwa wala hujapewa hata nusu ya ile hela aliyolipa.

Na si kwamba hawa watu siku zote walifanya hivi. Disneyland ilifunguliwa California mwaka 1955, na kwa miaka mingi walikuwa na vitabu vya kuponi zenye herufi, A kwa vibembea vidogo, zikapanda mpaka E iliyoongezwa 1959 kwa vile vikubwa. Mwaka 1982 kuponi zikaachwa, ukawa unalipa getini unapanda vyote. Sasa angalia mwalimu, hata enzi za kuponi mwenye hela alikuwa na kuponi nyingi na mnyonge alikuwa nazo chache, usawa haukuwepo. Ila wakishafika kwenye foleni ya bembea ileile walisimama pamoja, mrefu nyuma mfupi mbele. Hela ilinunua bembea, haikununua nafasi ya aliyetangulia. Hilo ndo lililobadilika na ndo unalolisikia wewe moyoni, binti yako kalizoea tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si tajiri kupita, tajiri atapita tu. Ni kwamba mwenye paki akishaanza kuuza dawa ya foleni, foleni yenyewe inakuwa mtaji. Ataharakisha vipi kupakia watu, ataongezaje behewa, wakati kibao kikisomeka dakika 90 ndo watu wanakimbilia dirishani kununua? Sisemi wanafanya makusudi, sina ushahidi huo, na wanaouza tiketi za haraka nao wanabidi waweke ukomo maana wakiuza kwa kila mtu ile ya haraka nayo inakuwa foleni. Nasema tu mtu hafagii uwanja unaomuingizia hela ukiwa mchafu.

Lakini sitamwambia Mama wa Watatu asilipe kwasababu hiyo. Yeye kapata siku moja na wanawe, sheria ya paki hakuitunga yeye. Wa kusemwa ni aliyeiweka ile kamba. Na zipo paki zinazofanya vingine, Europa-Park kule Ujerumani wana foleni ya kwenye simu kwa baadhi ya bembea na haiuzwi, unachukua nafasi, unazunguka, saa yako ikifika unakwenda, tajiri na mnyonge wote wanabonyeza kitufe kilekile. Hiyo ungeifundisha darasani mwalimu.

Anti mambo, tumeoana mwezi uliopita, mume wangu ananipeleka Ufaransa na siku moja tutakwenda Disneyland Paris. Anataka atulipie wote wawili ile ya kupita bila foleni kwenye marola kosta. Nina ujauzito wa miezi minne ila sijisikii vibaya. Inafaa?
*Bi Harusi, Chumbageni*

Poa mwanangu, hongera mara mbili. Marola kosta na vyote vinavyorusharusha mwenye mimba hapandi, imeandikwa mlangoni, kwahiyo utakuwa umelipia kumshikia begi mumeo kwa haraka. Pale Paris wanauza kwa bembea moja moja inaitwa Premier Access One, basi ajilipie yeye hiyo moja anayoiota, wewe kaa kivulini na aiskrimu. Vile vya polepole, viboti na vigari vya hadithi, nenda navyo wote wawili kwa foleni ya kawaida, na ukichoka kusimama waulize wafanyakazi utaratibu wao kwa wajawazito, usione haya.

Shangazi habari za kazi. Mimi nina bembea la kuzunguka, lile la farasi, na puto la watoto la kurukia, nafunga kwenye viwanja wakati wa Idi na Pasaka hapa Tanga. Sikukuu watoto wanajaa mpaka wanagombana. Niliposoma habari zako nikapata wazo, niweke mlango wa pili, buku kwa foleni ya kawaida, buku mbili unapita mbele. Wazo zuri au sio?
*Mwenye Bembea, Ngamiani*

Nilijua tu mtu wa Ngamiani atatokea! Njoo tupige hesabu.

Tuseme farasi wako ni 12 na mzunguko mmoja pamoja na kupandisha na kushusha ni dakika 4. Kwa saa unazungusha mara 15, watoto 180. Wakiwa wamesimama watoto 90 mbele ya mtoto wangu, anasubiri nusu saa. Sawa? Sasa umeuza nusu ya farasi kwa buku mbili. Kwa foleni ya kawaida wamebaki farasi 6, kwa saa wanapanda 90. Mtoto wangu aliyesimama palepale, na watoto walewale 90 mbele yake, sasa anasubiri saa nzima. Kafanya nini? Hajafanya kitu, kazaliwa na mama mwenye buku moja.

Wewe utasema lakini shangazi nimeongeza hela. Kweli, saa hiyo badala ya laki na elfu themanini umepata laki mbili na sabini. Lakini wewe siyo Disney, wateja wako hawajatoka nchi nyingine na kulala hotelini, wanatoka Barabara ya Kumi na Barabara ya Kumi na Nne na wanajuana. Mama mmoja akimuona mtoto wa jirani yake anampita wake aliyesimama toka saa nane, hapo hapana tena sikukuu, hapo utasikia taarabu bila ya ngoma, na Idi ijayo wote wataenda kwa mwenzio wa bembea la pembeni. Na watoto wenyewe wa miaka 6 huwezi kuwaeleza habari za mlango wa pili, watalia tu.

Halafu kuna kitu foleni inafanya ambacho hakionekani. Hesabu za foleni zina mwenyewe, Mdenmark mmoja A. K. Erlang alizianza mwaka 1909 akipigia hesabu simu za Copenhagen, na wanaosoma mambo hayo wanakwambia mahali kukiwa kunakaribia kujaa, ukiongeza watu kidogo tu kusubiri kunapaa kupita kiasi. Ndo hali yako ya saa kumi jioni siku ya Idi pili. Saa nne asubuhi bembea lako linazunguka na farasi watupu, saa kumi jioni vita. Tatizo lako siyo bei, ni kwamba wote wanakuja saa ileile.

Kwahiyo iba akili ya wale Disney ya mwaka 1999, ile ya bure. Chapisha vikaratasi vyenye saa, mama analipa buku yake anapewa kimeandikwa saa kumi na nusu, anakwenda kununua juisi na mihogo, anarudi saa yake anapanda bila kugombana, na hakisogezwi na mtu. Asubuhi mpaka saa saba weka mizunguko miwili kwa buku na mia tano uwavute waje mapema. Na muajiri kijana wa pili wa kupandisha na kushusha, mzunguko ukitoka dakika 4 ukawa 3 unapata mizunguko 20 kwa saa, watoto 240, hapo umeongeza elfu sitini kwa saa bila kumnyang'anya mtu nafasi. Kijana huyo kwa siku utamlipa shilingi ngapi?

Lile puto usiliguse na mambo ya haraka haraka, pale hesabu idadi ya watoto wanaoingia na wakubwa usiwachanganye na wadogo, nimeona mtoto kakanyagwa.

Shangazi, haraka tafadhali. Kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza tiketi za paki za Florida zilizobaki siku, anasema mwenyewe alinunua za siku nne katumia mbili, na ndani zina na za kuruka foleni. Bei nusu. Kanambia nitume elfu hamsini ya kushikia. Dada yangu anaondoka wiki ijayo. Nitume?
*Msubiri Jibu, Raskazone*

Usitume. Tiketi za Disney kule Florida haziazimwi, mara ya kwanza ukiingia getini unaweka kidole kwenye mashine, na kesho yake mashine inamtaka mwenye kidole kilekile. Huyo muuzaji atakuja na kidole chake uwanja wa ndege? Na za kuruka foleni zinafungwa kwa jina la mtu na tarehe, zikishapita zimepita, hakuna kilichobaki cha kukuuzia. Dada yako anunue mwenyewe kwenye tovuti ya paki au kwenye programu yao kwa kadi yake, kiingilio kwanza, ya haraka baadae akishajua anakwenda siku gani. Na kama ile elfu hamsini ulishaituma ukawa unaniuliza mie kwa kujifariji, piga simu kwa mtandao wako wa simu sasa hivi uombe muamala urudishwe kabla hajaitoa, barua utamalizia kusoma baadae.